Darubini Chini ya Puto: Swali Lililoulizwa Mtwara

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne alinisimamisha nje ya maabara ya shule yao mjini Mtwara, baada ya mazungumzo niliyokuwa nimealikwa kuyatoa juu ya nyota. Nilikuwa nimewaonyesha picha ya puto kubwa jeupe lililobeba darubini, na nimewaeleza jinsi nilivyoshiriki katika kulitayarisha nilipokuwa masomoni ng'ambo, nikiwa mdogo kuliko wote katika kundi la wataalamu wa mataifa manne. Msichana yule aliniamkia, kisha akauliza: "Mwalimu, puto kama lile haliwezi kurushwa hapa kwetu? Uwanja wa ndege tunao, na bahari i tupu."

Nilimjibu upesi kwamba linaweza. Usiku ule, nikiwa Mikindani, nilitambua kwamba jibu langu lilikuwa la adabu tu. Halikuwa la fizikia. Makala haya ndiyo jibu ninalomdai. Nimelichelewesha kwa sababu kila nilipolishika lilinivuta mbali zaidi, hata kwenye Ziwa Viktoria mwaka 1908, na hata kwenye jukwaa la chuma lililosimama baharini katika pwani hii hii ya Waswahili.

Mzigo wa hewa

Juu ya kila sentimita moja ya mraba ya mchanga wa Msimbati umesimama mhimili wa hewa wenye uzito unaozidi kilo moja kidogo. Kwa eksirei inayotoka kwenye nyota, kuupenya mhimili huo ni sawa na kupenya maji yenye kina cha mita 10. Nuru ya kawaida hupita, na ndiyo maana mvuvi wa mlango wa Ruvuma huweza kushika njia kwa kutazama nyota. Eksirei hazipiti. Mtu angeweza kukesha maisha yake yote ufukweni na darubini bora kuliko zote duniani, asipate hata eksirei moja kutoka mbinguni.

Hivyo darubini hupandishwa. Puto kubwa la kisayansi hufika kimo cha kilomita 38 hivi, na hapo hewa iliyobaki juu yake ina uzito wa gramu 4 tu kwa kila sentimita ya mraba. Je, gramu 4 ni kidogo? Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Kwa eksirei zenye nishati ya elektronivolti 50,000, ni kidogo: zaidi ya theluthi moja hupenya. Kwa zile za elektronivolti 5,000, gramu 4 ni ukuta kamili. Kwa hiyo puto hufungua dirisha moja na kuacha jingine limefungwa, na mtaalamu sharti ajue mapema anataka kuchungulia lipi.

Njia hii si ngeni. Victor Hess wa Austria alipanda mwenyewe ndani ya puto tarehe 7 Agosti 1912, akafika zaidi ya mita 5,000, na vipimo vyake vikaonyesha kwamba kuna miali inayoijia dunia kutoka nje. Mwezi Julai 1964, George Clark na wenzake walitumia puto lililorushwa kutoka Palestine, jimbo la Texas, kupima eksirei zenye nishati kubwa zitokazo katika Nebula ya Kaa.

Hesabu ya puto

Heliamu yenye ujazo wa mita moja ya ujazo, katika joto la pwani yetu, huinua karibu kilo moja. Tuseme darubini pamoja na fremu yake, betri na parachuti ina uzito wa kilo 2,000, na puto lenyewe kilo 2,000 nyingine. Tunahitaji mita za ujazo 4,000 za heliamu, na asilimia kumi ya ziada ili puto lipande badala ya kuelea tu: jumla 4,400. Lakini katika kimo cha kilomita 38 msongamano wa hewa ni mdogo mara 230 hivi kuliko ule wa usawa wa bahari. Gesi ile ile itatanuka kwa kiasi hicho hicho, na puto litahitaji nafasi ya mita za ujazo milioni moja. Tufe la ujazo huo lina kipenyo cha mita 124, yaani uwanja mzima wa mpira ungelala ndani yake, magoli yote mawili.

Hii ndiyo sababu puto la kisayansi likiwa chini huonekana kama limekosewa. Juu kuna kibofu kidogo cha gesi, na chini yake utepe mrefu uliokunjamana, mtupu. Ngozi yake ni polithini yenye unene wa sehemu mbili za mia za milimita, nyembamba kama ile mifuko ya rambo iliyopigwa marufuku nchini mwaka 2019. Hakuna aruhusiwaye kuigusa bila glavu, na aliyevaa saa au pete huivua. Tundu la sindano halilipasui puto, ila hulishusha kabla ya wakati wake.

Kazi ya kutayarisha

Watu hudhani kazi ya mwanaanga ni kutazama. Katika miezi niliyokaa na kundi lile sikutazama chochote. Nilikaza skrubu. Nilihesabu nyaya. Niliandika namba juu ya plagi, kisha nikazisoma kwa sauti huku mwenzangu kutoka nchi nyingine akizihakiki katika orodha yake, na jioni tukabadilishana zamu, yeye akasoma nami nikahakiki. Skrubu za kundi moja zilipimwa kwa inchi, za kundi jingine kwa milimita, na kulikuwa na masanduku mawili ya spana ambayo ole wake aliyeyachanganya. Saa zote ukutani zilifuata saa ya ulimwengu. Jambo hilo liliwasumbua wenzangu kuliko mimi, maana sisi tuliokulia katika saa ya Kiswahili tumezoea tangu utotoni kuishi na saa mbili kichwani. (Saa yetu iko nyuma ya ile ya ulimwengu kwa saa tatu kamili. Sijui kwa nini vitabu vya shule havilisemi hili.)

Ugumu wenyewe ni huu: darubini ikishaondoka hakuna mkono utakaoifikia. Itazunguka chini ya puto kama ndoo kwenye kamba ya kisima, nayo sharti ijue yenyewe inaelekea wapi. Kwa hiyo hupewa kamera ya kutambua nyota, jairoskopu ya kuhisi mzunguko, na gurudumu zito linalozungushwa upande mmoja ili fremu igeuke upande wa pili, kwa kanuni ile ile ya kuhifadhi mwendo wa mzunguko inayofundishwa kidato cha tano. Ingawa nje ni baridi, vyombo vya umeme huweza kuungua, kwa kuwa hewa ya kuvipooza haipo. Joto huondoka kwa mnururisho peke yake, na ndiyo sababu nyuso nyingi hupakwa rangi nyeupe.

Kuna tatizo jingine ambalo mwalimu wa fizikia atalipenda. Vigunduzi vya eksirei vya namna fulani huhitaji volti elfu mbili na zaidi. Katika kanieneo ya kawaida, hewa huzuia cheche. Katika ombwe kamili cheche hukosa gesi ya kupitia. Lakini kati ya hali hizo mbili kuna kanieneo mbaya, ambapo elektroni hupata nafasi ya kutosha kuongeza kasi na bado huzikuta molekuli za kugonga. Hapo umeme huruka kwa volti chache mno. Puto huelea katika eneo hilo hilo la hatari. Basi kila kiungo chenye volti nyingi hufunikwa kwa utomvu maalumu au hufungiwa ndani ya chombo chenye hewa.

Siku ya jaribio kubwa fremu nzima hutundikwa kwenye winchi, hutenganishwa na umeme wa ukutani, na vyombo vyote huwashwa kama vile safari imeanza. Sisi tulipofanya hivyo, na watu wa puto walipowasha redio yao ya mawasiliano, vipimajoto vyetu vyote viliruka pamoja. Walifanya hivyo mara tatu. Fundi mmoja mzee, asiyesema sana, alipita akishika kila waya kwa vidole viwili mpaka akafika kwenye ule ambao kizuizi chake cha nje hakikuunganishwa na fremu. Nilijua kabla hajasema. Ulikuwa waya wangu, na sahihi yangu ilikuwa kwenye orodha. Hakunigombeza, alinipa chombo cha kulehemu akasimama pembeni nilipokuwa nikirekebisha. Kosa lile lingepanda mpaka kilomita 38, kazi ya watu 30 kwa miaka minne ingerudi na namba zisizo na maana.

Baada ya hapo tulingoja siku 17. Puto lililosimamishwa pamoja na mzigo wake ni refu kuliko mita 200, na upepo usiozidi mita tano kwa sekunde hutakiwa katika urefu huo wote. Kila usiku tulijiandaa, kila alfajiri mtaalamu wa hali ya hewa akatikisa kichwa.

Uhuru, katika longitudo ya Mtwara

Msomaji achukue ramani. Mtwara iko longitudo digrii 40.2 mashariki. Chombo kikitoka bandarini kikashika kaskazini moja kwa moja, kitaziacha Kilwa, Mafia, Unguja na Pemba mkono wa kushoto, na baada ya kilomita 800 na kidogo kitafika Ghuba ya Ungwana, karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Hapo katika longitudo ile ile yamesimama majukwaa ya chuma ya Waitalia: San Marco, ambalo roketi zilirushwa kutoka juu yake, na Santa Rita, jukwaa lililokuwa la wachimbaji mafuta, ambako wataalamu waliongozea kazi. Mwanzilishi wake alikuwa Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma.

Tarehe 12 Desemba 1970, saa nane kasoro dakika saba mchana kwa saa zetu, roketi ya Scout iliinuka kutoka San Marco ikiwa na setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za anga peke yake. Vigunduzi vilitengenezwa na kundi la Riccardo Giacconi huko Massachusetts. Mradi uliongozwa na mhandisi Marjorie Townsend wa NASA. Roketi ilirushwa na Waitalia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa setilaiti ya Marekani kurushwa na wataalamu wa nchi nyingine. Na kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, setilaiti iliitwa Uhuru.

Kwa nini walikuja mpaka huku? Wengi hujibu kwamba mzunguko wa dunia huongeza kasi ya roketi ikweta. Ni kweli, lakini kwa jambo hilo Mtwara ingefaa karibu sawa: ardhi ya Ungwana husafiri mita 464 kwa sekunde, ya Mtwara 457. Sababu kubwa zaidi ni njia ya setilaiti. Iliyorushwa mashariki kutoka latitudo ya digrii 3 huzunguka karibu kabisa na ikweta. Iliyorushwa kutoka latitudo ya digrii 10 itapanda na kushuka digrii 10 kila upande. Juu ya Brazili na Atlantiki ya Kusini mikanda ya chembe zenye umeme inayoizunguka dunia hushuka chini, na chombo kinachopita humo huhesabu chembe hizo badala ya eksirei. Uhuru, kwa kushikamana na ikweta, ilipita pembeni. Hapa basi sehemu moja ya swali la msichana yule inajibika bila huruma: kwa roketi ya namna ile, digrii saba za kusini ni hasara.

Giacconi alisimulia baadaye kwamba baada ya roketi kupaa, yeye na Townsend walipanda mashua ndogo kuwahi kambi ya nchi kavu, ili setilaiti itakapopita juu yao katika mzunguko wa kwanza waiwashe volti kubwa kwa muda mfupi. Msomaji sasa anaelewa kwa nini jambo hilo lilikuwa la kutisha: gesi iliyonasa katika chombo huenda haijatoka yote, na ile kanieneo mbaya huenda bado imo ndani. Waliwasha, wakaona vigunduzi vinafanya kazi, wakazima.

Kabla ya hapo roketi zilikuwa zimechungulia anga kwa dakika chache chache tu. Kwa muda kama huo, Juni 1962, kundi la Giacconi liligundua chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya mfumo wa jua. Uhuru ilifanya kazi mpaka 1973. Iliona nyota katika kundi la Centaurus ikipwesa kila baada ya sekunde 4.8, ikasaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1 ni kitu ambacho leo tunakiita shimo jeusi, na orodha yake ya nne ina vyanzo 339. Vingi bado huitwa kwa alama ya 4U, na U hiyo ni ya Uhuru. Mwanaanga wa Tokyo au Chicago huandika herufi ya Kiswahili bila kujua. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Upepo wa juu ya Ruvuma

Turudi kwenye puto, ambalo halijali mikanda ya Brazili bali upepo. Mlima Krakatoa ulipolipuka mwaka 1883, vumbi lake lilizunguka ikweta kuelekea magharibi kwa muda wa wiki mbili hivi, na wataalamu wakaamini kwamba upepo wa juu wa ikweta hutoka mashariki daima. Mwaka 1908 msafara wa Kijerumani chini ya Arthur Berson ulirusha maputo ya vipimo Ziwa Viktoria, na katika kimo cha kilomita 20 hivi ukakuta upepo unaotoka magharibi. Nani alikosea? Kwa nusu karne vitabu vilijaribu kuwapatanisha kwa kuchora mikondo miwili ndani ya angahewa moja. Mnamo 1960 ndipo Reed wa Marekani na Ebdon wa Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, walipoonyesha kwamba hakuna aliyekosea: upepo wenyewe hugeuka, mashariki kisha magharibi, na mzunguko mzima huchukua miezi 28 hivi. Ni kama kaskazi na kusi, ila nahodha wake angengoja zaidi ya mwaka mmoja kubadilisha tanga. (Juu ya kilomita 35 yako mageuzi mengine, ya nusu mwaka.)

Sasa turushe puto letu Mtwara, kwa hesabu tu. Upepo wa mashariki ukiwa na kasi ya mita 30 kwa sekunde utalipeleka kilomita 2,500 kwa siku: kufuata bonde la Ruvuma, kuvuka Ziwa Nyasa, Zambia na Katanga, mpaka Angola. Nchi kavu njia nzima, hivyo darubini inaweza kushuka kwa parachuti na kuokotwa. Lakini kila mpaka unahitaji kibali, na ule wa kwanza, wa Msumbiji, uko mwendo mfupi tu kutoka uwanjani. Upepo wa magharibi ni habari nyingine. Bahari ambayo msichana yule aliiona kuwa faida, kwa sababu i tupu, ndiyo hasara yenyewe: puto litaiacha Komoro na Madagaska kusini, na baada ya hapo hakuna pa kushukia.

Kuna na baridi. Mtu aliyesimama Mtwara mchana wa Januari hasadiki kwamba kilomita 17 juu ya kichwa chake kuna nyuzi 80 chini ya sifuri, baridi kuliko tabaka kama hilo juu ya Ulaya. Ndivyo ilivyo katika nchi zote za tropiki, kwa kuwa hewa yetu yenye joto hupanda juu zaidi na kupoa zaidi. Polithini ya kawaida hukauka na kupasuka ipitapo hapo. Wahindi, ambao wana kituo cha maputo Hyderabad, walilazimika kutafuta polithini inayostahimili baridi hiyo. Kwa upande mwingine, karibu na ikweta sumaku ya dunia huzuia sehemu kubwa ya miali ya kosmiki, na kigunduzi cha eksirei hupata utulivu ambacho hakiupati Ulaya. Faida hiyo Mtwara ingeipata pia.

Wafaransa na Wamarekani, katika mradi wa Strateole-2, walirusha maputo kutoka Mahé, Shelisheli, mwaka 2019 na tena 2021. Hayakubeba darubini; yalipima hewa yenyewe, yakielea kwa wiki nyingi. Lakini yalirushwa kutoka kisiwa cha bahari yetu. Na heliamu? Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba imo kwa wingi katika bonde la Rukwa.

Kwa hiyo, binti, puto linaweza kurushwa Mtwara: katika kipindi cha upepo wa juu utokao mashariki, alfajiri, upepo wa pwani ukiwa umetulia, kwa polithini ya tropiki, na vibali vya nchi nne au tano vikiwa mkononi. Nchi kavu itapatikana. Kibali cha mwisho ndicho kitakachochelewa.

Zoezi kwa darasa la fizikia na jiografia. Uhuru ilizunguka katika kimo cha kilomita 550 hivi mpaka ilipoanguka Aprili 1979, na kila siku ilipita mara 14 upande wa kaskazini wa Mtwara. Chukua nusu kipenyo cha dunia kuwa kilomita 6,370, na Mtwara kuwa digrii 10.3 kusini ya ikweta. Chora pembetatu yenye ncha katika kitovu cha dunia, Mtwara, na setilaiti ikiwa juu ya ikweta katika longitudo yetu. Ilikuwa digrii ngapi juu ya upeo wa macho? Mwanafunzi aliyekokotoa vyema atapata kati ya 19 na 20.